CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi moja, siku tawi hilo lilipoombwa kuchangia sherehe ya kuwatunza watu bora wa chuo cha ufundi. Wenzetu wengi wametaka yachapishwe, ili na wale wasiokuwapo wayasome na kuyapima.)



Tawi limeletewa barua. Chuo cha ufundi kilicho jirani yetu kinataka kuwatunza watu wake waliofanya vizuri, yaani wafanyakazi, walimu, wanafunzi, na wale waliohitimu zamani. Tumeombwa tutoe mchango, na pamoja na barua hiyo imeletwa orodha ya majina yaliyopendekezwa. Jambo lenyewe ni jema, nasi twaliunga mkono. Wazee wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Tena wakasema mcheza kwao hutunzwa. Watu wasiojua kushukuru hawawezi kujenga nchi.

Lakini kabla hatujafungua mfuko, tumeisoma orodha ile mara mbili, na baada ya kuisoma tumeona hatuna budi kusema. Katika orodha mna wakubwa wa ofisi. Mna waliotoa fedha za kujengea ukumbi. Mna mwanafunzi aliyewashinda wenzake katika mtihani wa kuandika. Mna waliohitimu ambao leo wana vyeo vikubwa. Hao wote hatuwakatai. Ila tulitafuta jina la mtu wa karakana, hatukuliona. Tulimtafuta mtunza bohari, hatukumwona. Tulitafuta hata mtu mmoja ambaye heshima yake imetokana na kazi iliyotoka mikononi mwake, tukakosa. Chuo cha ufundi kinatunza watu, na ufundi wenyewe haumo! Hilo ndilo lililotusimamisha hapa.

UGONJWA WA MIKONO SAFI

Ndugu wanachama, tusiwalaumu walioandika orodha peke yao. Ugonjwa huu tunao wote, na una historia yake.

Wakati wa mkoloni, kazi ya mikono ilikuwa kazi ya kusukumwa. Waliokwenda kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo alihesabiwa. Karani alikaa kivulini, shati lake jeupe, kalamu mfukoni, karibu na meza ya bwana. Mtoto aliyewaona wawili hao alichagua upesi nani wa kumfuata. Shule nazo zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, mpaka utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 1962. Katika mpango kama huo Mwafrika alifundishwa ufundi wa kusaidia, si ufundi wa kuongoza. Alishika taa, mwingine akafunga mtambo. Basi tukajifunza kuudharau ufundi, kumbe tulichopaswa kukidharau ni ule unyonge uliofungwa pamoja nao.

Unyonge uliondoka, dharau ikabaki. Na hapa yatupasa kusema kweli juu yetu sisi wenyewe, sisi tuliotoka chuo cha ualimu, ambao hata miaka thelathini hatujaifikisha, wala hatukumwona mkoloni kwa macho yetu. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, darasani mwetu alikuwamo kijana mmoja ambaye hesabu za ubaoni zilimshinda, lakini redio yoyote iliyokufa aliifungua na ikasema. Siku moja tulimkuta amefungua redio chini ya dawati wakati wa somo. Tukamsimamisha mbele ya wenzake, tukamwambia, "Ukiendelea hivi utaishia kuwa fundi." Darasa zima likacheka, na sisi tukaona tumefundisha.

Hatujui kijana yule yuko wapi leo. Lakini maneno yetu tunayajua, na kila tunapopita mbele ya karakana tunayasikia. Hakuna mkoloni aliyetuagiza kuyasema. Tuliyasema sisi wenyewe, tena kwa Kiswahili safi. Basi atakayesema leo kwamba walioandika orodha ni wabaya na sisi ni wema, huyo hatutakuwa upande wake.

NCHI TULIYOIRITHI

Sasa tutazame dharau hiyo imetugharimu nini. Mwalimu Nyerere, alipokuwa akieleza nchi iliyopata uhuru mwaka 1961, alipenda kukumbusha kwamba Mwingereza alituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Wawili, ndugu zangu, kwa nchi yenye ukubwa huu! Mwenye kazi ya barabara, ya mabomba ya maji, ya umeme na ya reli alikuwa mgeni, na akiondoka aliondoka na ujuzi wake kichwani.

Haikuwa kwamba hapakuwa na chuo kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vijana walikuwa wakifundishwa useremala, uashi na ufundi wa magari huko Ifunda, Iringa. Mwaka 1957 ilianzishwa Dar es Salaam taasisi ya ufundi, ambayo baadaye ikawa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, na kwa sheria ya mwaka 1997 ikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Mpaka leo iko pale pale mjini, pembeni mwa barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1978 kikafunguliwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Wazee wengi mnaowaona wamestaafu katika mashirika ya umeme, maji, simu na bandari walipita katika vyuo vya namna hii, wakatoka na cheti chao cha ufundi sanifu, wakaenda kushika mitambo ambayo jana yake ilikuwa mikononi mwa wageni. Wengi wao hawakupewa ngao wala picha, na nchi haikuzima taa.

Lakini tazameni jambo jingine. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na Royal Technical College pale Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956. Mwaka 1970 kilikuwa kimekwisha kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo cha ufundi cha Kyambogo, Uganda, mwaka 2003 kiliunganishwa na chuo cha walimu kilichokuwa jirani yake, kikawa chuo kikuu. Mombasa kulikuwa na chuo cha ufundi cha Waislamu kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 2013 kikawa chuo kikuu cha ufundi. Kwetu hapa Chuo cha Ufundi Mbeya nacho kimepanda hivyo hivyo mpaka kuwa chuo kikuu. Hatusemi kwamba kupanda ni kosa. Nchi yahitaji wahandisi wenye elimu ya juu, tena wengi. Tunachouliza ni hiki: kila chuo cha ufundi kikipanda ghorofani, nani anabaki chini kushika jiriwa na tupa? Mhandisi mmoja ahitaji mafundi kadha wa kadha wa kuitimiza ramani yake. Tukimheshimu mwenye ramani peke yake, kila kijana atataka ramani, na nyumba haitasimama.

Tukirudi kwenye kile chuo cha Mombasa, historia yake huwataja waliotoa fedha: Sultani wa Unguja, Aga Khan, jamaa wa Bohora, na Serikali ya Uingereza. Ni haki kuwataja, kwa maana fedha zao zilijenga. Lakini nani katika sisi aweza kulitaja jina la fundi aliyewashikisha tupa wale vijana wa kwanza wa mwaka 1951, akawaonyesha jinsi ya kusugua chuma kikanyooka? Fedha zina risiti. Ufundi hauna risiti ila mwanafunzi.

WAZEE WA BUHAYA NA TANURI LAO

Neno hilo la mwisho ndilo tunaloomba mlishike, na kwa ajili yake tutawapeleka mara moja Kagera.

Katika miaka ya 1970 walifika Buhaya wataalamu wa mambo ya kale, wakachimba na kuona mabaki ya matanuri ya chuma. Mwaka 1978 wawili wao, Peter Schmidt na Donald Avery, walieleza katika jarida la Science kwamba wahunzi wa nchi ile, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu sana. Waliingiza mabomba ya udongo ndani ya tanuri, ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Kwa njia hiyo tanuri lilipata joto kubwa, na kilichotoka kilikuwa chuma cha pua. Ndio watu ambao mkoloni alituambia hawakujua kitu!

Sasa sikilizeni. Wataalamu wale hawakutosheka na kuchimba. Waliwaomba wazee waliokuwa bado hai wawajengee tanuri, wawaonyeshe kazi ilivyokuwa. Wazee walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miaka mingi mno, kwa kuwa vyuma vya dukani kutoka ng'ambo vilikuwa vimeiua kazi yao. Walijenga kwa kukumbuka. Na tanuri likawaka, chuma kikatoka.

Tunapoisoma habari hiyo tunaona fahari, na kisha tunaona haya. Fahari kwa kuwa ujuzi ulikuwapo. Haya kwa kuwa ulikuwa umebaki katika vichwa vya wazee wachache, na aliyekwenda kuwauliza alitoka Marekani. Nchi ilikuwa na vyuo vya ufundi wakati ule. Hao wazee ndio waliokuwa wakistahili kuketishwa kiti cha mbele, na vijana waketi chini yao wakajifunze. Tungalichelewa kidogo tu, wangaliondoka na tanuri lao. Huo ndio msiba wa kutunza watu visivyo: mtu afa na kazi yake yafa, na sisi tumebaki na picha za mgeni rasmi.

NANI ATUNZWE?

Basi kipimo chetu ni kimoja, wala si kigumu. Astahili kutunzwa yule ambaye kwa sababu yake kuna mwingine anayejua kazi. Kipimo hicho tukiweke juu ya makundi yote manne ya orodha.

Kwanza, wafanyakazi. Kila mwaka ifikapo Mei Mosi tunamchagua mfanyakazi bora, na mara nyingi anapewa mtu kwa sababu ni zamu ya idara yake. Katika chuo cha ufundi mtazameni mtunza bohari. Ikiwa bohari yake haikosi patasi, randa wala spana, na kila kifaa kinarudi kikiwa safi na kikali, mtu huyo anafundisha bila ubao. Kijana atakayetoka hapo ataheshimu kifaa maisha yake yote. Kadhalika mama anayefagia karakana na kuokota kila kipande cha chuma sakafuni, ili mtu asikatwe mguu: amelinda viungo vya vijana wangapi? Nani amewahi kumwita mbele?

Pili, walimu. Mwalimu wa chuo akiandika makala katika majarida ya wataalamu, twamsifu. Lakini tuulize pia: wanafunzi wake wakisimamishwa mbele ya mashine ya kukerezea vyuma, wangapi waweza kuiwasha, kuitumia, na ikiharibika kuitengeneza? Yuko mwalimu ambaye mashine yake ina kifuniko mwaka mzima, isije ikaharibika, na wanafunzi wanaichora daftarini. Na yuko mwalimu ambaye mashine yake ni kuukuu, imefungwa waya huku na huku, lakini kila mwanafunzi ameishika. Huyo wa pili ndiye wetu.

Tatu, wanafunzi. Atunzwe mwenye alama nyingi, ndiyo. Lakini atunzwe pia yule ambaye jioni wenzake humwendea wakasema, "Ndugu, tufahamishe hili," naye huacha chakula chake akawafahamisha. Na hapa tuwakumbuke dada zetu. Msichana anayeingia kuchomelea vyuma, akavaa kinyago usoni na glovu mikononi, amepita katika vicheko kabla ya kupita katika moto. Tusimtunze kama kioja, kumwonyesha kwa wageni na kusema, "Tazameni, hata mwanamke aweza." Tumtunze kwa kazi yake, mshono wa chuma ulionyooka na usiovunjika. Akitunzwa hivyo, mdogo wake atakuja nyuma yake.

Nne, waliohitimu. Orodha imetupa wenye vyeo. Sisi twasema tazameni pia kandokando ya barabara zetu. Kuna mtu alihitimu miaka mingi iliyopita, ana banda la mabati, na ndani ya banda hilo wamo vijana 4 au 5 wanaojifunza kwake, baadhi yao hawakupata nafasi katika chuo chochote. Hana tai, hana kadi ya kumtambulisha. Lakini yeye peke yake ni chuo, tena bila bajeti ya Serikali. Chuo kilichomzaa kikimwita mbele ya watu, hakitakuwa kimemheshimu yeye tu. Kitakuwa kimewaambia wale vijana wake 5 kwamba wao nao wana babu.

MITAMBO INATUNGOJA

Wako watakaosema, "Ndugu hawa wanapoteza wakati wa mkutano kwa habari za zawadi." Sivyo. Habari hii ni ya uhuru wenyewe.

Katika bonde la Rufiji sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na kisha mpaka Dodoma. Bwawa limejengwa na makampuni ya Misri. Njia ya kwenda Dodoma imejengwa na kampuni ya Uturuki. Watanzania walifanya kazi humo kwa maelfu, na tunajivunia. Lakini mjenzi mgeni huondoka. Hiyo ni desturi yake na haki yake. Atakapoondoka, atakayesikia mlio usio wa kawaida usiku wa manane katika mtambo wa 6 ni nani? Kijana wa chuo cha ufundi.

Tulikwisha kuona. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na watu wetu na wa Zambia, kuanzia mwaka 1970 mpaka 1975. Ilikuwa ajabu ya Afrika. Miaka ilivyopita, injini zikapungua, mizigo ikapungua. Sababu zilikuwa nyingi, fedha zikiwamo na uendeshaji ukiwamo. Lakini somo moja halina ubishi: kujenga ni kwa miaka michache, kutunza ni kwa maisha. Nchi isiyomtunza fundi haitaweza kutunza mtambo. Ndiyo maana lugha yetu imeyapa mambo hayo mawili neno moja.

TUNAYOLIOMBA TAWI

Ndugu Mwenyekiti, hatukuja kulaumu tu. Tunaliomba tawi likubali mambo matatu.

La kwanza, mchango utolewe, lakini uende pamoja na barua ya kuomba kwa adabu kwamba majina yaulizwe upya, na safari hii waulizwe wanafunzi na watu wa karakana, wala si ofisi peke yake. Wao wanajua nani huwafundisha kweli. Ofisi inajua nani huwahi vikao.

La pili, fedha zetu zisinunue ngao ya kutundikwa ukutani. Zinunue vifaa. Fundi akipewa sanduku la spana nzuri, zawadi yake itafanya kazi kesho asubuhi. Na yule mwenye banda la mabati alipiwe ada ya kijana wake mmoja aende kupata cheti.

La tatu linatuhusu sisi. Kila mwanachama mwenye mtoto, na kila mwalimu aliyemo humu, aache kuanzia leo kumtisha mtoto kwa ufundi. Tukimwambia mtoto mchana kwamba ufundi ni adhabu, na jioni tukaenda kupiga makofi chuoni, makofi yetu ni ya uongo.

Wako watakaotuambia kwamba orodha imekwisha kupigwa chapa na wakubwa wamekwisha kualikwa, na kwamba kuuliza sasa ni kuleta fitina. Twajibu kwamba wakubwa wakae viti vyao, hatuwaondoi. Twaongeza viti vingine. Aonaye kwamba heshima yake inapungua kwa kuwa mtunza bohari ameitwa mbele, basi heshima hiyo ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Tumalize kwa methali tuliyoanza nayo. Mnaojua karakana mnajua kwamba fundi haruhusiwi kuvaa pete mbele ya mashine. Pete ikinaswa, kidole kinakwenda. Kwa hiyo huyavua mapambo yake yote mlangoni, akaingia kazini na mikono mitupu. Chanda chema ni hicho, na pete hakina, kwa sababu ya kazi yetu sisi. Basi yatupasa sisi tulio nje tumshikie pete yake, na atakapotoka jioni, mikono ina mafuta, tumvike mbele ya watu.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba wanaokubali wanyoshe mikono. Iliyo safi na iliyo na mafuta, yote ihesabiwe.